Mwalimu Emuria na Beberu Wangu Mweupe

Mwalimu Emuria anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kufundisha biolojia miaka thelathini na miwili, kwanza Lodwar, halafu hapa Kakuma. Walimu wengine walitaka kuandika ukurasa huu wa jarida la shule. Nikawaambia hapana. Aliyempikia chai jikoni mwa shule tangu afike ni mimi, na msichana aliyepata A katika somo lake ni Nakiru, ambaye nimemzaa mimi.

Mwalimu huyu hafundishi mageuzi ya viumbe kwa ubao peke yake. Huwaleta wanafunzi zizini kwangu, nyuma ya shule, wahesabu rangi na waulize nani kamzaa nani. Maneno yake nayakariri nikisonga ugali: mbuzi mmoja habadiliki, kinachobadilika ni kundi, kizazi baada ya kizazi. Wanaovumilia kiangazi ndio wanaoacha watoto.

Basi, mwaka Nakiru yuko kidato cha nne, vitoto vya mbuzi vikaanza kuzaliwa na miguu legevu, vinakufa. Na mbuzi hao ndio waliokuwa wampeleke chuo! Nikalaumu majani, nikalaumu majirani. Mwalimu akamtazama beberu wangu mweupe, ambaye kwa uzuri hakuwa na mwenzake Turkana nzima, baba wa karibu zizi lote.

“Mama Nakiru, huyu sasa anazaa na binti zake. Kasoro zilizojificha zinakutana. Tafuta dume la mbali.”

“Mzuri hivi, nimtoe?”

“Uzuri tunao. Tunakosa ugeni.”

Nakiru naye: “Mama, hiyo iko kwa mtihani!” Mtoto niliyemnyonyesha, akanigeuka.

Mwalimu mwenyewe alipanda pikapu ya jirani yetu Hersi hadi Lowarengak, akabadilisha beberu wangu kwa mwingine wa madoadoa, sura mbaya, harufu mbaya zaidi. Hersi anasema njia nzima Mwalimu alikuwa akimsomesha yule beberu habari za jeni. Mvua iliyofuata, vitoto vya kila rangi viliruka mpaka jikoni, vikanimwagia unga. Nakiru akaenda chuo.

Mnaoulizana nani atashika biolojia, tulieni. Januari anaingia mwalimu mpya, digrii mkononi. Jina lake nimeshalitaja humu mara kadhaa, na sichoki.

Alakara noi, Mwalimu, asante sana. Nenda salama nyumbani Lorugum, ukae kivulini, unywe maziwa, ucheze na wajukuu. Darasa lako liko na mtu.