Kaanaeli Nnko na Samaki Wanaozunguka

Watu wengi hukosea wakidhani samaki hana masikio, kwa sababu hayaonekani nje. Bi. Kaanaeli Nnko, mhudumu wa mabwawa katika kituo chetu cha samaki hapa juu ya Kimandolu, ameyatazama masikio hayo kwa miaka mingi. Aliajiriwa Julai 1966. Anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Juni 1996.

Alianza kwa kufyeka majani kingoni. Baadaye alijifunza kumfungua perege jike kinywa, taratibu, na kuyatoa mayai anayoyalea humo. Asubuhi, ukungu wa Meru ukiwa bado umelala juu ya mabwawa, aliinamia hadubini hadi chai yake ikapoa. Kitoto cha samaki kikiwa bado laini kama ute, alituonyesha, kila upande wa kichwa kuna kifuko kidogo cha maji, na ndani yake vijiwe vinavyong'aa kama vumbi kwenye mwali wa jua. Hilo ndilo sikio la ndani. Kwa vijiwe hivyo samaki husikia, na hujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Mwaka 1988 baadhi ya vitoto vya bwawa la nne vilianza kuogelea kwa kuzunguka, kama majani makavu kwenye mkondo. Mkuu wa kituo wakati ule, Bw. Melkizedeki, aliagiza bwawa likaushwe na samaki wote wafukiwe. Sote tulimwunga mkono. Sisi wa huku meno yetu yametiwa kahawia na maji yenye madini ya floridi, kwa hiyo kila baya tunayatupia maji.

"Mama, maji haya yanapinda miguu ya watoto wetu, sembuse samaki!" alisema mkuu.

"Mbona kwa kila anayezunguka, watatu wanaogelea sawa?" alijibu Bi. Kaanaeli. "Hao wanakunywa soda?"

Tulicheka, naye akapewa mwezi mmoja. Aligawa mayai ya jike mmoja: nusu kwenye maji ya mto, nusu kwenye maji ya mvua. Vitoto vilipokua, akagonga vyombo kwa kijiko. Wengi walishtuka, lakini karibu robo, katika vyombo vyote viwili, waliendelea kuzunguka kama waliomo ndotoni. Maji hayakuwa na kosa; kosa lilikuwa la kurithi.

Jeni ni agizo la kurithi, nakala moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Jeni mojawapo huziagiza seli za kile kifuko zitengeneze kitu kinachoshikanisha chembe za chokaa hadi ziwe kijiwe. Mzazi mwenye nakala moja mbovu huogelea vizuri, maana ile nzima inatosha. Wawili wa namna hiyo wakizaa, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hupata mbovu zote mbili, na kijiwe hakijengeki.

Tangu hapo ameulinda ukoo huo wa bwawa la nne, na wanafunzi huja kujifunza kwake jinsi sikio linavyoumbika. Hata la mwanadamu huanza kama kifuko.

Sasa kituo kimebinafsishwa, na mnunuzi anataka mabwawa matupu Jumatatu. Bi. Kaanaeli amekataa zawadi ya saa ya ukutani. Ameomba jambo moja tu: ukoo huo usiishie hapa.

Asante, Mama, kwa miaka thelathini ya uvumilivu. Mungu akupe siku tulivu na afya njema huko nyumbani.

Nawe unayesoma, kama una kidimbwi au tangi, nenda bwawa la nne leo, uondoke na dume mmoja na majike wawili.