Mvua ya Saba kwa Kumi

Kijiwe changu kina benchi mbili, jiko la mkaa, birika kubwa na kivuli cha turubai la buluu lililofungwa kona nne. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo kila uongo unaosemwa hapa naupata ungali wa moto. Siku hiyo, saa nane mchana, alikuwapo Antena, fundi redio anayejua kila taarifa nusu nusu, na Jaji, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye hutoa hukumu nyingi kuliko anavyonyoa vichwa. Halafu akaja Taratibu, mfyatua matofali, mtu mpole mpaka anakera. Uani kwake alikuwa ameanika matofali elfu moja na mia mbili, mabichi bado, kazi ya wiki tatu. Yalikuwa ya chumba cha mama yake, ambaye magoti yamemchosha na analala sebuleni kwa binti yake pamoja na wajukuu wanne. Ikipiga mvua moja tu, yote yanarudi kuwa tope.

— Redio imesema mvua jioni, — alisema Taratibu. — Sasa mimi nilikuwa nataka…

— Redio gani? — Antena akamkata. — Hao wanatabiri wamejifungia chumbani. Kaa kwanza, kaka, unywe kahawa.

Akakaa. Antena akaeleza kwamba mawingu yanavutwa na mabati, ndiyo maana mjini kunanyesha kuliko porini. Jaji akakataa, akasema mawingu ni moshi wa majiko yetu, na jiko langu limo kwenye mashtaka.

— Jamani, — Taratibu akajaribu tena, — mimi nilikuwa nataka…

— Subiri, ndugu yangu, si tunakusaidia wewe hapa? — Jaji akasema, kisha akabadili hukumu yake mwenyewe. — Nimefikiri upya. Mawingu ni nguo za kufua.

— Nguo? — Antena akauliza.

— Mji mzima umefua leo. Maji ya zile nguo yanakwenda wapi? Chini hayapo, kambani hayapo. Yako juu.

Hata Antena alikubali. Kisha akaongeza lake, kwamba basi soksi huleta manyunyu, na mashuka ndiyo yenye radi.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Mama Vipimo akikokota baiskeli yenye pancha. Anafanya kazi kituo cha hali ya hewa, na kwa kawaida hutusalimia tu akapita. Mimi huyu mama namheshimu sana. Miaka ishirini na sita, kila saa tatu asubuhi, anasoma kipimo cha mvua. Hata siku ya harusi ya mwanawe alikwenda na gauni lake la sherehe, akasoma, akaandika, ndipo akaenda kushangilia. Alikuwa hajawahi kukaa kijiweni. Nikampa kikombe, tukamweleza kesi.

— Huyu wa nguo amekaribia, — alisema, na Jaji akajikweza kwenye benchi. — Tazama birika. Pale mdomoni kabisa unaona nini?

— Sioni kitu, — Jaji akasema.

— Mvuke upo pale, ila hauonekani. Panda juu kidogo.

— Mweupe.

— Hapo umepoa, umekuwa matone madogo madogo. Angani ni hivyo hivyo. Maji yanapanda huyaoni, yakifika juu yanapoa, yanashika chembe za vumbi, ndipo unaona wingu.

Miaka kumi na moja nachemsha kahawa, na sikuwahi kuona kwamba pale mdomoni hapana kitu. Niliona fahari, naapa, kwa ajili ya birika langu.

— Sasa itanyesha au haitanyesha? — Jaji akauliza.

— Sijui, — akajibu Mama Vipimo, bila aibu yoyote. — Siku kumi zinazofanana na leo, saba hunyesha. Kama leo ni mojawapo, hilo sijui.

Hilo neno "sijui" lilikuwa halijawahi kutamkwa kijiweni kwangu. Lilitoka kwa mtu pekee anayejua. Kisha akamgeukia Taratibu.

— Turubai huna?

— Ninalo, mama.

— Liko wapi?

Taratibu akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi niliyeliazima kwa wiki moja, mwanzoni mwa kiangazi, nilitamani kuingia ndani ya birika. Mmoja mmoja tukainua macho kwenye kile kivuli cha buluu.

Tulifungua kona nne za turubai. Lilipoanguka, tukaona kile ambacho saa nzima tulikuwa tunakibishania na hakuna aliyeweza kukiona: wingu limejaa nusu ya anga, kichwa cheupe, tumbo jeusi.

— Mashuka hayo, — Antena akasema kwa sauti ndogo, na tukaanza kukimbia.

Tone la kwanza lilinikuta nafunga kamba ya mwisho uani kwa Taratibu. Yeye akapitisha kiganja juu ya turubai, na chini yake chumba cha mama yake kilikuwa kikavu. Tukamwomba radhi. Jaji akamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

— Si nilikuwa nasema, — akajibu. — Nilikuwa nataka kuliazima, kwa leo tu.