Dakika Saba za Shiomi-san

Nyuma ya kiwanda kimoja cha skrubu huko Higashi-Osaka, Japani, kando ya mashine ya kuuza kahawa ya makopo, kuna benchi ambalo umbea wote wa kiwanda hupitia hapo kwanza. Saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, Inubushi alikuwa ameketi hapo na kopo ambalo hajalifungua. Wenzake humwita Breki, kwa uzito wake wa kuamua. Msimamizi wao mpya, Shiomi-san, kila asubuhi huwasimamisha duara kwa dakika saba na kumuuliza mwenye zamu swali moja tu: jana nini kilikushtua? Akishajibiwa hagombi. Huinama na kushukuru. Tangu aanze, hakuna aliyepoteza hata ukucha, na Breki alimstaajabia mama yule kwa moyo wote. Ila kesho zamu ilikuwa yake. Na jana, mashine namba tatu ilimchania mkono wa ovaroli, ikabaki kidogo tu awe kilema, kwa sababu alikuwa ameng'oa kifuniko cha kukinga mikono ili kazi iende haraka. Hakumwambia mtu.

— Dakika saba tu, jamani, alisema Kopo, fundi wa grisi. Msimamizi aliyemtangulia alituweka kikao saa nzima, na vidole vikakatwa vilevile.

— Siri ni kusimama, alisema Profesa, msomaji wa magazeti ya wenzake. Ukisimama damu inashuka miguuni, kichwani hakubaki nguvu ya kutunga uongo.

— Wapi! alisema Kopo. Yule mama ananusa. Ukificha kitu, anakipata kwenye jasho.

— Basi mimi nakwambia, alisema Profesa, hata mashine zinamsikiliza. Zinaona haya kutajwa.

— Hilo nakubali. Mimi yangu siku hizi haingurumi ovyo.

Breki hakucheka.

Akaja Manami, mama wa makamo aliyehamishwa kutoka chumba cha kufungashia, akawainamia.

— Samahani wakubwa zangu. Nimeambiwa tukirudi ndani nianzie namba tatu. Kuna kitu cha kuangalia?

Breki aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

— Usiiguse, dada, alisema. Kifuniko chake kiko kabatini kwangu.

Kisha akatangulia ndani kumtafuta Shiomi-san, bila kungoja kesho.