Daftari la Mtendaji Niliyemkimbia

Wapendwa, jina la Bwana lisifiwe asubuhi ya leo. Mimi ni Yotamu wa hapa Kasingirima, wengi mnanijua kwa dagaa. Nimesimama mbele yenu, lakini niwaambie kweli, hata sasa jicho langu liko mlangoni. Miaka minne niliishi hivyo, na mazoea hayaishi haraka.

Ndugu zangu, nilikuwa mkwepa kodi. Wakati ule kila mwanamume mtu mzima alitakiwa kulipa kodi ya maendeleo kwa jina lake, na kutembea na stakabadhi mfukoni. Mimi nikasema silipi. Kila nikinunua dagaa pale Kibirizi nalipa ushuru, napewa kikaratasi. Nikavikusanya kwenye mfuko wa nailoni, nikajiambia serikali imeshakula kwangu, inataka nini tena? Nilijiona mjanja kweli.

Mtendaji wa kata, mzee mwembamba mwenye daftari kubwa, akawa ananitafuta na mgambo wake. Nikisikia kengele ya baiskeli nje, mguu niponye. Nilikula nimesimama. Ibada sikumaliza, mchungaji yuko kwenye maombi mimi nimeshatokea dirishani. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Nikamjibu vibaya. Mungu anisamehe.

Sasa ilikuwa ile miaka ndugu zetu wa Burundi wanaingia kila wiki, kwa ziwa na kwa milima. Ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi wakusanywe. Siku hiyo nilikuwa natoka Kalinzi kuuza dagaa, na nyumbani mke wangu ana mimba ya miezi tisa. Askari wakanisimamisha njiani. Nikajibu kwa lafudhi yangu ya Kiha, na Kiha na Kirundi mnajua ni mtu na mdogo wake. Wakanidhania mkimbizi, wakataka stakabadhi ya kodi ioneshe mimi ni mkazi.

Nikatoa mfuko wangu kwa majivuno. Askari akavipekua vile vikaratasi, akacheka. "Hizi ni za mzigo. Hazina jina. Hata aliyevuka jana akiuza dagaa anapewa. Ya kwako wewe mkazi iko wapi?"

Wakanipandisha lori la kwenda kambini. Mama mmoja wa Kirundi, amekumbatia sufuria, akanisogezea nafasi nikae. Niliona aibu, ndugu zangu. Yeye kafukuzwa na vita, mimi nimeletwa pale na ukaidi wangu. Nikalia. Nikasema, Bwana, mke wangu atajifungua peke yake, na hapa sina hata mtu mmoja wa kusema ananijua.

Lori likasimama ofisi ya kata kuchukua wengine. Mtendaji akatoka na daftari lake. Kwa mazoea nikainama nijifiche. Fikirini upumbavu huo! Ndipo Roho akanisukuma, nikasimama, nikaita, "Shikamoo Mzee! Ni mimi Yotamu unayenitafuta!"

Akaja taratibu, akafungua daftari. "Huyu ni wa hapa," akamwambia askari. "Jina lake ninalo, la baba yake ninalo, na nyumba yake naijua. Wakimbizi nimewaona wengi, hakuna anayekimbia kama huyu."

Nikashushwa. Niliuza baiskeli nikalipa, na mzee yule akanikalisha akanieleza. Ushuru ni wa mzigo, kodi ya maendeleo ni ya mtu anayekaa hapa, zote za halmashauri. Kodi ya mapato ya biashara ni ya serikali kuu. Ukilipa moja hujalipa nyingine. Hakuna aliyenificha hayo, ni mimi sikuwahi kukaa nikasikiliza. Mtoto wetu alizaliwa nikiwepo nyumbani.

Ndugu zangu, yuko mtu hapa anamkimbia Mungu kwa sababu anajua anadaiwa. Nakuelewa, hata benchi linakuchoma. Lakini siku ile rafiki zangu wa sokoni hawakuwepo, na aliyenitaja kwa jina ni yule yule niliyekuwa namkimbia. Usitoke kwa dirisha leo. Simama hapo ulipo, umwite. Anakujua.