Bi Odalie na Swali la Mlangoni

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka ishirini na tisa ya kukodisha viti vya magurudumu na skuta za umeme hapa New Orleans, Bi Odalie Prevost anastaafu. Duka linabaki, skuta zinabaki. Anayeondoka ni muuliza maswali.

Alianza kwa kupangusa magurudumu, akapanda hadi usimamizi. Kwingine mteja akirudi huulizwa kama chombo ni kizima. Bi Odalie humuuliza, "Enhe, umeona nini?" na hamwachii mpaka aseme. Ndivyo alivyojua ni mtaa gani mizizi ya mialoni imeinua saruji, mkahawa gani una kizingiti, na nani kule mtaa wa Tremé kapaka nyumba yake rangi mpya. Udadisi wake hauna dawa.

Sheria aliyotuwekea ni moja: mfanyakazi mpya hushinda siku nzima mjini akiwa kitini, marufuku kusimama. Alcide, fundi wetu, alikwama kwenye mzizi, akajisahau, akainuka kubeba kiti chake. Bibi mmoja barazani akapiga kelele, "Yesu wangu! Kijana kapona!" Majirani wakatoka, wimbo ukaanza, na Alcide akaona haya kuketi tena. Alirudi akisukuma kiti kitupu. Bi Odalie alicheka hadi akashika ukuta.

Lakini mganga hajigangi. Yeye alianza kazi kabla ya sheria yake, na hakuwahi kuketi. Mwaka huu magoti yalipomgomea, tuliumia kwa jambo moja: msafara wa Jumapili wa chama chao cha akina mama, ambao ameucheza kila mwaka, mwavuli mkononi, nyuma ya matarumbeta. Tukamsihi achukue skuta.

"Mimi? Mtaa mzima unione nimekaa kama gunia la mchele? Niacheni, jamani!"

Jumapili hiyo asubuhi alitokea dukani na mwavuli wake wa manyoya. Akaizunguka skuta nyekundu, akaipiga teke gurudumu, akapanda na kuondoka bila kuaga. Alcide alitaka kumfuata, tukamshika shati.

Aliporudi jioni tulikuwa tumejipanga mlangoni. Sote kwa pamoja: "Enhe, Bi Odalie, umeona nini?"

"Makalio ya watu," akasema. "Njia nzima, makalio tu." Akajifuta uso kwa leso yake ya kuchezea ngoma. "Halafu wapiga tarumbeta wakageuka. Wakaenda kinyumenyume mpaka barabara ya Claiborne, wananipigia mimi."

Hakushuka. Aliuliza kama betri bado ina chaji.

Bi Odalie, asante kwa kutufundisha kuuliza. Skuta nyekundu haikodishwi tena, ni yako. Kautazame mji hadi macho yashibe, magoti yapumzike, na matarumbeta yasikose kukugeukia. Ila ukipita huku usitupite: tutakuwa mlangoni, na swali unalijua.