Kahawa Yenye Tope

Ukishuka mtaa wote mpaka barabara ikakosa pa kwenda, utakuta tuta la bwawa limejilaza pale na majani yake mgongoni. Bwawa lenyewe hulioni. Liko juu ya kichwa chako, nyuma ya udongo, ila ubaridi wake hushuka ukakugusa shingoni, ukajikuta unasinzia macho wazi. Hapo chini, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, pana benchi la ubao mmoja mnene na jiko la mkaa la Mzee Buli. Kahawa yake ina sifa, na sifa yenyewe ni maji. Hatua chache kutoka benchini, mguuni mwa tuta, kuna kichemchemi alichokijengea kijisima cha mawe na saruji kwa mikono yake. Kilichipuka mwaka ule aliomzika mkewe. Kila asubuhi kikibubujika yeye hukiitikia, "Naam, mama," halafu ndiyo huwasha jiko. Watu wa kijiweni humsikia, na hakuna anayecheka.

Alasiri hiyo kinyozi, aitwaye Redio kwa sababu hazimwi, alichungulia kikombe chake, akakirudisha juu ya benchi.

— Mzee Buli, kahawa yako leo ina tope.

— Hayo ni mashapo. Kahawa isiyo na mashapo ni chai iliyoungua.

— Mashapo ni meusi, mzee wangu. Haya mekundu.

Fundi Mizani alichovya kidole kikombeni, akaonja. Huyu ni mwashi. Amejenga nusu ya kuta za mtaa ule, na hakuna hata moja iliyonyooka.

— Udongo wa tuta huu. Nimeukanyaga tangu sijavaa suruali.

— Sasa tuta limeingiaje kwenye buli?

— Linaletwa na maji. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba chenyewe ndiyo tumbo langu?

Mzee Buli alijifanya anapuliza makaa. Tope lile alilijua. Asubuhi kadhaa sasa maji yalikuwa yakitoka na rangi, naye amekuwa akiyachuja kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu, akikifua, akikianika, akijiambia kuwa mvua zikitulia na maji yatatulia. Nyuma ya kijisima ndipo kilipo chumba cha binti yake, na ukuta wake wa nyuma umeegemea tuta. Binti ana mimba, mwezi ni huu huu. Walishakubaliana, baba na mwana, kwamba mtoto akizaliwa ataogeshwa maji yale ya bibi yake kabla ya maji mengine yoyote.

— Ni fuko, — alisema Redio. — Nimeona mashimo yao kule juu. Fuko nao wanahamia mjini kama kila mtu, wanachimba njia ya mkato.

— Si fuko, — alisema Fundi Mizani. — Tuta limezeeka. Babu zetu walilishindilia kwa miguu na kwato za ng'ombe, tangu hapo halijapumzika. Sasa limepitiwa na usingizi. Mzee akilala si hutokwa udenda? Ndiyo huo.

— Tunakunywa udenda?

— Umeunywa miaka yote na ukaomba uongezwe.

Kwenye ncha ya benchi alikaa Kadhalika, karani mstaafu, mtu wa maneno machache yenye mikia mirefu. Alifumba macho kabla ya kusema, kama kawaida yake.

— Na likilala linaota. Linaota bado ni kilima, lina miti, lina ndege, na kadhalika. Ule ufa wa kule juu, uliotokea masika haya, ni pale lilipogeuka ubavu.

— Ufa ule mkono wangu umeingia mpaka kiwiko, — alisema Redio. — Fundi, wewe si ungeuziba?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kazi yangu mimi ni kujenga ukuta. Nikiziba nitakula nini?

Wote walicheka taratibu, kicheko cha watu wenye joto mwilini na kivuli kichwani. Wingu lilipita. Kivuli cha tuta kiliwafunika miguu, na Mzee Buli akaona kama anamwona mkewe kule juu, amekaa ukingoni mwa maji yasiyoonekana, akiwateremshia ndoo moja moja kwa subira. Alikuwa mtu wa subira yule.

— Mimi nasema halijageuka, — aliendelea Redio, sauti imeshuka. — Linatembea. Zamani kati ya kibanda changu na tuta mkokoteni ulipita. Siku hizi napita mwenyewe kwa ubavu, na tumbo nimelivuta ndani. Limefura pale chini. Nyasi zimelizidi, naona linanijia kunyolewa.

— Mwenda pole hajikwai, — alisema Kadhalika. — Acha lije. Litakaa hapa nasi, litakunywa kahawa, na kadhalika.

— Litakaa upande gani? Benchi lenyewe limejaa.

Ndipo alipotokea mwanamke mwenye ndoo tupu mkononi na futi ya kupimia nguo shingoni. Alisimama mbele yao kwa adabu.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, dada. Karibu.

— Ahsante. Mimi ni mshonaji, nimepanga kile chumba cha mwisho. Nina swali dogo tu. Hiki kichemchemi chenu, kiangazi hukauka? Nataka kujua kama nitafute pipa.

Swali lilikuwa dogo kweli. Hata hivyo Redio aligeukia kioo chake, akaanza kukifuta palipokwisha kufutwa. Fundi Mizani alitazama viatu. Kadhalika alifumbua macho.

Jibu walikuwa nalo wote. Kila kiangazi bwawa likishuka mpaka visiki vya zamani vikachomoza, kichemchemi hunyamaza. Masika bwawa likijaa, huongea tena. Mwaka wa kwanza kiliponyamaza, Mzee Buli alikuja kijiweni na uso umemwanguka, akasema, "Amelala." Nao kwa kumpenda wakamwitikia, "Ndiyo, amelala." Wakaitikia tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hata wakasahau kwamba walikuwa wanamliwaza mfiwa.

— Hulala, — alisema Kadhalika, na safari hii mkia wa maneno haukuja.

— Hulala lini?

Wakamtazama Mzee Buli. Angeweza kudanganya. Alitamani kudanganya, maana kusema kweli ilikuwa kama kumzika mtu yule yule mara ya pili.

— Bwawa likishuka hulala, — alisema. — Bwawa likipanda huamka.

— Kumbe ni maji ya bwawa, — alisema mshonaji, kama mtu anayesema leo Jumanne. Kisha alitazama tuta, akatazama tope kikombeni, akaiweka ndoo chini polepole.

Mzee Buli alimwaga kahawa yote juu ya makaa. Jiko lilifuka mvuke, likazima. Akafungua kitambaa cha marehemu kwenye mdomo wa debe la maji. Kilikuwa chekundu tupu.

— Maji yanalila tuta kwa ndani. Redio, mpigie simu mlinzi wa bwawa, afungulie maji yapungue na awaite wakubwa wake. Halafu pita nyumba kwa nyumba, wapande shuleni kilimani.

— Niwaambie nini?

— Ulichotuambia sisi. Tuta linatembea. Ile ya kunyolewa iache.

Redio alikwenda, na siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini, mlango hadi mlango. Fundi Mizani na Kadhalika walishika upande wa pili wa mtaa. Mshonaji alimfuata Mzee Buli bila kuambiwa mpaka chumbani, akamshika binti mkono mmoja.

— Baba, mbona kahawa imekwisha mapema?

— Inuka, mwanangu. Tunapanda kwa shangazi yako sasa hivi.

— Na maji ya mama? Tulisema mtoto...

— Hayakuwa yake, — alisema Mzee Buli. — Nilitaka yawe yake, basi.

Binti alimtazama baba, akakitazama kile kitambaa mkononi mwake, akakichukua. Walipanda taratibu, mmoja kila upande wake, wakipumzika kila alipotaka kupumzika. Nyuma yao kichemchemi kilikuwa kikibubujika kwa sauti kuliko asubuhi. Mzee Buli alikisikia mpaka kwenye kona, na hakukiitikia.