Lovena Asiende Mjini

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Odinel, kaa hapa upande wa kichwa. Gislen, acha kulia kwanza, utalia vizuri zaidi nikishaondoka. Sasa hivi nataka masikio yako.

Mali yangu haina kesi. Shamba la juu lenye kahawa ni la Odinel, la chini lenye ndizi na viazi vikuu ni la Gislen, na ule mshelisheli mliougombania siku tuliyomzika dada yenu Altagras, mkaacha kusalimiana mpaka majuzi, ni wa kiambo chote kama ulivyokuwa enzi za bibi yangu. Nyumba hii ni ya Lovena, yatima wa Altagras. Naona mmetazamana. Haya, hilo ndilo neno lenyewe nililowaitia.

Nimesikia kwamba Jumamosi Lovena anapelekwa Port-au-Prince kwa Madam Fober. Mlidhani mgonjwa hasikii. Miguu yangu ndiyo iliyokufa, masikio yangali hai. Nimesikia gauni limeletwa, na viatu, na kwamba mtoto atasaidia kazi ndogondogo na yule mama atamsomesha. Odinel mwanangu, sikuoni mbaya, najua mvua imetukimbia misimu miwili na watoto wako wenyewe wanalala bila kushiba. Hapa milimani sijaona mzazi aliyemtoa mtoto wake kwa roho mbaya. Tunawatoa kwa matumaini, tukiwa tumewavisha vizuri, na hapo ndipo tunapopotea.

Nilikuwa na kaka, Sentilus. Ninyi mlimjua akiwa mtu mzima, mkamwogopa. Mimi nilimjua akiwa na umri wa huyu Lovena, mcheshi, anaiga mwendo wa padre mpaka padre mwenyewe anacheka. Baba alipofariki, mama alimwogesha kwa maji ya majani ya mchungwa, akamvika kofia mpya, akamkabidhi kwa mwanamke wa mjini aliyeahidi shule. Mimi nikaachwa kwa sababu nilikuwa mdogo mno kubeba ndoo. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu, wanangu, maana tumbo lililotuzaa lilikuwa moja, na njaa yetu moja, na baba tuliyemlilia mmoja.

Mkiniuliza nilibaki na nini hapa, siwezi kusema chakula, kwa sababu kuna siku tulikunywa kahawa tukalala. Nilibaki na watu. Nikianguka njiani, kila nyumba ya kiambo hiki ilikuwa na mtu wa kunipangusa na kuniuliza nimeumia wapi. Nikipata homa, mama hakuwa na dawa, lakini alinilaza mapajani mpaka jasho litoke, akiniimbia kwa sauti yake mbaya ile. Jioni shangazi Ermansi aliketi kizingitini akaita "Krik?", nasi watoto tukaitikia "Krak!" kwa kelele za kung'oa paa, na hakuanza hadithi mpaka aisikie sauti yangu. Alikuwa akiuliza, "Mbona Kleante simsikii? Kanuna au kafa?" Na Mwaka Mpya, supu ya maboga ilipotoka nyumba hii kwenda ile, mimi ndiye niliyetumwa kuibeba, nikajiona mtu mkubwa.

Sentilus alirudi akiwa na ndevu. Tukampa kiti, akala amesimama, mgongo ukutani, mbiombio, kwa sababu miaka yote kule alikula mabaki mlangoni pa jikoni. Mtu akicheka nyuma yake alishtuka. Jioni ile shangazi, kwa furaha ya kumwona, akaita "Krik?" na kiambo kizima kikaitikia, isipokuwa yeye.

Nikamwambia, "Kaka, si uitikie."

Akaniambia, "Nimesahau mnajibu nini."

Linaniuma mpaka leo. Shule hakuiona hata dirishani. Presha ilimpata angali kijana, usingizi ulimkataa, akajitibu kwa pombe ya miwa, na mimi mdogo wake nikamzika kabla hajaota mvi.

Mimi nimemzika baba yenu. Kimbunga kilichukua paa na mbuzi, nikaanza upya. Kisha nikamzika Altagras wangu, na siku ile nilijua kabisa kwamba nimekwisha, lakini asubuhi nikajikuta nawasha moto, nalia huku nachemsha maji. Watu husema Kleante ana roho ya paka. Waongo. Nilipendwa nikiwa mdogo, basi, na mwili wangu haujasahau.

Kwa hiyo sikilizeni. Lovena haendi. Gauni na viatu virudishwe kesho, kwa maneno ya heshima. Shule ya padre iko bondeni, atatembea na wenzake. Gislen, alale kitandani kwako, asilale jikoni. Odinel, mbebe mabegani siku ya soko kama baba yako alivyokubeba. Akivunja chungu mkemeeni, kisha jioni aketi, ale na wengine. Na kila siku awepo mtu wa kumuuliza leo kumekuwaje, na amsikilize mpaka amalize, hata kama ni habari za kuku. Asiyeweza haya, shamba langu asilikanyage. Odinel, nitazame. Jibu.

"Haendi, mama." Mmemsikia wote.

Nipeni maji kidogo... Yatosha. Mkono huu siuhisi tena. Leteni vichwa vyenu hapa, niviguse kwa huu mwingine. Mungu awape mvua. Awape watoto watakaowazika, msiwazike ninyi. Mpatane, jamani... mmebaki wawili.

Bado moja. Siku ya kunitoa, mpitisheni Lovena juu ya jeneza langu, mkono kwa mkono, kama tunavyowapitisha watoto wote ili marehemu asiwafuate. Msisahau hilo. Mimi najijua... nisipozuiwa nitarudi kumtazama amelala, na mtoto hawezi kukua na mfu kitandani. Mshikeni vizuri. Asitishwe. Mwambieni... ni mchezo. Mrusheni juu kidogo.

Akicheka, msimnyamazishe.